Sikio likizima ghafla: kwa nini tunachoma sindano ya steroidi sikioni

Mtu akiamka sikio moja limeziba, hufikiria nta. Anapita duka la dawa, anapewa matone, anasubiri. Wengi hunifikia wiki kadhaa zimeshapita, na hilo linaniuma, maana tatizo likiwa sikio la ndani, kila siku ina thamani.

Nikichungulia na kukuta njia ya sikio ni safi na ngoma (utando unaotenga njia hiyo na sikio la kati) haina kasoro, nagonga uma wa mlio, kifaa cha chuma kinachotetemeka na kutoa sauti, na kuusimika katikati ya paji la uso. Kwenye nta, mlio huelekea upande ulioziba. Ukielekea sikio lisilo na tatizo, nawaza kuwa sikio la ndani la upande ulioziba ndilo limeathirika. Hata nyumbani unaweza kuguna “mmm” ukiwa umefumba mdomo; sauti ikiegemea sikio lisilo na tatizo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kipimo cha usikivu ndicho kitakachothibitisha: kushuka kwa desibeli 30 au zaidi katika masafa 3 yanayofuatana (viwango vya sauti, kutoka nzito hadi nyembamba), ndani ya saa 72.

Steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe, huanzishwa ndani ya wiki 2 za kwanza, mara nyingi kwa vidonge. Ila vidonge hupandisha sukari, hivyo kwa mwenye kisukari naona sindano ya sikioni ni busara zaidi. Pia tunaitumia kati ya wiki ya 2 na ya 6 kwa ambaye vidonge havikumsaidia.

Unalala sikio bovu likiwa juu. Natia ganzi kwenye ngoma, kisha nikiangalia kwa hadubini napitisha sindano nyembamba na kujaza deksamethasoni, aina ya steroidi, kwenye sikio la kati, kama nusu mililita. Dawa huwa nimeipasha kufikia joto la mwili, kwani ikiwa baridi huleta kizunguzungu. Baada ya hapo unatulia kama nusu saa bila kuongea, na usimeze mate: ukimeza, mrija wa kwenda kooni hufunguka na dawa inatoroka. Tunataka ikae, ipenye utando wa dirisha la mviringo, tundu dogo kati ya sikio la kati na la ndani, hadi kwenye koklea, kiungo cha kusikia. Matone hayafiki huko. Ngoma isiyotoboka huyazuia.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2011, wenye wagonjwa 250, ulilinganisha sindano 4 na vidonge. Baada ya miezi 2, waliotumia vidonge walirudisha wastani wa desibeli 30.7, wa sindano 28.7. Hakukuwa na kundi lisilotibiwa, na wapo wanaopona wenyewe, kwa hiyo simwahidi mtu uponyaji. Tundu la sindano kwa kawaida hujifunga. Mara chache hubaki, nalo hurekebishika. Kipimo cha MRI (picha za ndani ya mwili kwa sumaku) bado kinahitajika hata usikivu ukirudi, kuhakikisha hakuna uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa sikio.