Umesasisha programu ya vitabu na rafu imebaki tupu? Usiiondoe kwanza

Walimu na wanafunzi huniletea swali hili kutoka Kampala, Kasese, Koboko na kwingineko: programu ya kusomea vitabu kwenye simu ya Android imejisasisha usiku, asubuhi rafu haina kitu, au kitabu hakifunguki, au alama za kurasa zimefutika. Mara nyingi anayeuliza ameshaiondoa programu na kuipakua upya. Hapo ndipo hasara yenyewe inapoingia. Sasisho kwa kawaida halifuti vitabu. Linachokata ni njia ya programu kuvifikia, lakini ukiiondoa programu, unafuta kweli kumbukumbu zake: ulipofika, ulichopigia mstari, maelezo uliyoandika pembeni.

Anza kwa kuhakikisha vitabu vipo. Fungua programu ya kusimamia faili, ile iliyokuja na simu au Files ya Google, andika .epub (aina ya faili ya vitabu vya kusomea kwenye simu) kwenye sehemu ya kutafutia, kisha .pdf. Vikijitokeza na ukubwa wake si sifuri, tulia, kazi iliyobaki ni ndogo. Vitabu ulivyonunua au kuazima ndani ya programu yenyewe havitaonekana hapo, kwa sababu hukaa katika hifadhi ya faragha ambayo programu nyingine haiwezi kuichungulia. Hivyo vimefungwa kwenye akaunti yako. Angalia basi umeingia kwa barua pepe ipi: simu nyingi zina akaunti mbili, na baada ya sasisho mtu huombwa kuingia upya, akachagua ile isiyo na kitabu hata kimoja.

Chanzo kikubwa cha rafu tupu ni ruhusa. Tangu Android 11, iliyotoka mwaka 2020, programu haziachiwi tena kupekua hifadhi yote ya simu zitakavyo. Android 13 ya mwaka 2022 ikaigawa ruhusa ya zamani mafungu matatu: picha, video na sauti. EPUB na PDF hazimo katika fungu lolote. Na Google huwataka watengenezaji wafuate kanuni za Android mpya kila wanapotoa toleo jipya, ndiyo maana simu ni ile ile, Android ni ile ile, lakini programu iliyosasishwa inaamka haina tena ruhusa iliyokuwa nayo jana.

Nenda Mipangilio, kisha Programu, tafuta ufikiaji maalum, halafu ufikiaji wa faili zote. Programu yako ikiwa kwenye orodha hiyo, iwashie. Mimi hupenda kuanza hapa kwa sababu vitabu hurudi pale pale vilipokuwa, pamoja na alama zake. Isipokuwepo, fungua mipangilio ya programu yenyewe, tafuta sehemu ya kuongeza folda, uionyeshe folda ya vitabu. Hapa watu hukwama bure: kuanzia Android 11 mfumo hautakubali uchague hifadhi nzima ya ndani, wala folda ya Download yenyewe. Kitufe cha kukubali kinakuwa kimefifia. Tengeneza folda yako, iite Vitabu, nakili vitabu humo, kisha uichague.

Vitabu vilivyokujia kwa WhatsApp, ambavyo kwa wanafunzi wetu ndivyo vingi, vimejificha mbali kidogo: Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, WhatsApp Documents. Vinakili vyote kwenye folda ya Vitabu. Vikibaki kule, siku utakapofuta mazungumzo pamoja na viambatisho ili kupata nafasi, vitakwenda navyo.

Kuhusu alama zilizopotea, ni vizuri kujua programu inavyokumbuka. Nyingine hukitambua kitabu kwa anwani ya faili kwenye simu. Anwani ikibadilika kwa sababu umehamisha folda, au kwa sababu sasisho limeanza kuyasoma mafaili kwa njia mpya, programu inadhani ni kitabu kigeni: utakiona mara mbili kwenye rafu, kimoja kimefika nusu lakini hakifunguki, kingine kinafunguka kutoka ukurasa wa kwanza. Usikimbilie kufuta kile kisichofunguka, maana ndicho kilichoshika alama zako. Rudisha faili mahali pake pa zamani kwa jina lile lile, herufi kwa herufi, na mara nyingi vinaungana. Kadi ya kumbukumbu nayo ina balaa lake: ikifomatiwa hupata kitambulisho kipya, na anwani zote zilizopita humo zinakufa hata kama umerudisha folda zile zile.

Programu inayojifunga kila ukiifungua ni ugonjwa mwingine. Toleo jipya huwa linapanga upya hifadhidata yake mara ya kwanza linapofunguliwa. Nafasi ikiwa imejaa, au chaji ikikatika katikati, upangaji unabaki nusu. Kwenye simu ya GB 32 hili hutokea sana, kwa sababu picha na video zimekula kila kitu. Acha angalau GB 1 wazi, zima simu na kuiwasha, iweke kwenye chaji, fungua programu uiache dakika chache bila kuigusa. Ikikataa, nenda Mipangilio, Programu, chagua programu hiyo, Hifadhi, kisha Futa akiba. Akiba ni picha za majalada na mabaki ya muda, haina hasara. Kitufe kilicho jirani yake, Futa data au Futa hifadhi, kinafuta kila kitu, na vitufe hivi viwili vimekaa karibu mno kwa mtu mwenye haraka. Soma kabla ya kubonyeza.

Ikiwa PDF zinafunguka lakini EPUB zinaonyesha ukurasa mweupe, mshuku Android System WebView, sehemu ya Android inayoonyesha kurasa za tovuti ndani ya programu nyingine. EPUB ni kifurushi cha zip chenye kurasa zilizoandikwa kama za tovuti, na programu nyingi hutumia WebView kuzichora. Machi 2021 sasisho bovu la WebView liliangusha programu chungu nzima duniani, na dawa ilikuwa kusasisha WebView na Chrome tu. Fanya vivyo hivyo: zisasishe zote mbili kwenye Duka la Play kabla hujailaumu programu ya vitabu.

Kinyume chake, EPUB zikiwa nzima na PDF ndizo zinazoiangusha, tazama kumbukumbu ya simu. Mitihani ya miaka iliyopita inayozungushwa huku kwetu mara nyingi ni karatasi zilizopigwa skani. Ukurasa mmoja wa A4 uliopigwa kwa nukta 300 kwa inchi una pikseli 2480 kwa 3508, na ukifunguliwa kwa rangi kamili unachukua karibu MB 35 za RAM. Matoleo mapya hupenda kuandaa ukurasa wa mbele na wa nyuma kwa pamoja, sasa ni zaidi ya MB 100 kwa kurasa tatu. Simu yenye RAM ya GB 2 inaweza kushindwa kustahimili hilo pamoja na WhatsApp na mengineyo. Zima maandalizi ya kurasa kama mpangilio huo upo, zima mwonekano wa kurasa mbili, au igawe PDF vipande vya kurasa ishirini ishirini.

Kuna tatizo dogo linalowaudhi sana wasomaji wa Luganda: baada ya sasisho, herufi ŋ inageuka kisanduku kitupu. Kitabu hakijaharibika. Programu imebadilisha fonti ya kawaida, na hiyo mpya haina umbo la herufi hiyo. Katika mipangilio ya maandishi chagua Noto Serif, au pakua Charis SIL au Gentium Plus, zote za bure, uziongeze kama programu inaruhusu. Ikiwa kisanduku kinabaki kwenye kitabu kimoja tu, kitabu hicho kimebeba fonti yake chenyewe. Zima chaguo la kutumia fonti ya mchapishaji.

Vitabu vya kuazima vinavyosema muda umekwisha ilhali umeviazima juzi, angalia tarehe ya simu. Simu iliyozimika chaji kabisa wakati wa mgao wa umeme huweza kuamka na tarehe ya miaka ya nyuma, au mbele ikiwa mtu aliirekebisha vibaya. Leseni hupimwa kwa tarehe, na hata muunganisho salama wa intaneti hukataliwa tarehe ikiwa si sahihi. Washa tarehe na saa za kiotomatiki, kanda ya Kampala.

Na chunga bando. Baada ya sasisho, hakiki kama chaguo la kupakua kwa Wi-Fi pekee bado limewashwa. Likiwa limezimika, programu itarudisha maktaba yako yote kwa data ya MTN au Airtel, na data hiyo tangu Julai 2021 inabeba ushuru wa asilimia 12.

Wengi huniuliza kama wanaweza kurudi kwenye toleo la zamani. Android haikubali toleo la chini kukaa juu ya toleo la juu, lazima uiondoe programu kwanza, na unajua sasa maana yake. APK (faili ya kusakinishia programu) uliyotumiwa na rafiki kwa Xender ikikujibu “Programu haijasakinishwa”, huenda saini yake, yaani alama ya kidijitali ya mtengenezaji, hailingani na ile ya Duka la Play, na mfumo una haki kuikataa. Mimi siungi mkono njia hii mpaka uwe umehamisha nakala rudufu nje ya simu: tafuta sehemu ya kuhifadhi nakala ndani ya programu, toa faili, ijitumie kwa barua pepe.

Pia usishangae simu ya mwenzako haina shida. Matoleo hutolewa kwa mafungu, asilimia ndogo ya watumiaji kwanza, hivyo pengine yeye bado yuko kwenye toleo la jana. Ukiwaandikia watengenezaji, taja namba ya toleo, modeli ya simu, namba ya Android, aina ya faili, na kitu cha mwisho ulichobonyeza. Ujumbe wa “haifanyi kazi” hauna la kuwasaidia.

Kwa wenye watoto wa S.4 na S.6: wiki chache kabla ya mitihani ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, fungua ukurasa wa programu hiyo kwenye Duka la Play, gusa nukta tatu za juu, ondoa alama kwenye kusasisha kiotomatiki. Mitihani ikiisha, irudishe, kwa kuwa masasisho hayo hayo ndiyo yanayoziba mianya ya usalama.