Je, Wajua? Kwa Nini Plasta Hutolewa Kabla Mkono Haujawa Tayari kwa Baiskeli ya Milimani

Julai 2014 mwendesha baiskeli Chris Froome aliingia Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, akiwa bingwa mtetezi. Siku ya nne ya mashindano akaanguka na kuumia kifundo cha mkono wa kushoto. Kesho yake, mvua ikinyesha na vipande vya barabara ya mawe vikimngoja mbele, akaanguka tena mara mbili, akapanda gari la timu, Tour ikaishia hapo. Vipimo vikaonyesha amevunjika kifundo cha kushoto na mkono wa kulia. Tarehe 23 Agosti mwaka uleule alikuwa Hispania, kwenye mstari wa kuanzia Vuelta, mashindano kama hayo ya Hispania, na wiki tatu baadaye akamaliza wa pili nyuma ya Alberto Contador, ambaye naye alikuwa amevunjika mfupa wa muundi kwenye Tour ileile.

Wiki sita na siku kadhaa tu. Habari kama hii ndiyo inayomfanya mtu aliyeangukia msitu wa Karura au vilima vya Ngong aanze kupiga hesabu: plasta inatoka wiki ya sita, basi ya saba nipo porini. Halafu wiki ya saba inafika, plasta imetoka, daktari ameitazama picha na kusema mfupa umeunga, na bado mkono hauwezi kufungua kifuniko cha chupa ya maji. Kulikoni?

Ni kwamba mfupa kuunga ni jambo moja na mkono kupona ni jambo jingine, na njia ya milimani inadai hasa kile ambacho plasta imekichukua.

Tuanzie kwenye kuanguka kwenyewe. Tairi la mbele linakwama kwenye mzizi, baiskeli inasimama, mwili unaendelea. Mikono inatangulia yenyewe kabla hujafikiri lolote. Kwa hesabu ya mwili, bora mkono kuliko kichwa. Uzito wote unashukia kitako cha kiganja huku kifundo kimekunjwa kwa nyuma, na mara nyingi kinachovunjika ni ncha ya rediasi, ule mfupa wa kigasha ulio upande wa dole gumba. Abraham Colles, daktari mpasuaji wa Dublin, aliueleza mvunjiko huu mwaka 1814, miaka 81 kabla Röntgen hajagundua eksirei, tena kwa kutazama na kupapasa tu.

Baada ya kuvunjika, damu huvuja na kuganda kuzunguka pengo. Katika wiki mbili tatu bonge lile hugeuka kuwa nyuzi na gegedu laini linalovishikilia vipande visiachane. Kisha seli za mfupa huanza kuweka kalsiamu, na hicho kivimbe kigumu ndicho daktari anachokitafuta kwenye picha. Kwa ncha ya rediasi ya mtu mzima mwenye afya, kufika hapo huchukua kama wiki sita. Kwa mvutaji sigara au mwenye kisukari huweza kuchelewa. Lakini mfupa huo umejengwa harakaharaka. Kuupanga upya, seli nyingine zikila kilichozidi na nyingine zikiongeza pale penye mzigo, ni kazi ya miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Mjerumani Julius Wolff alilieleza hilo mwaka 1892: mfupa hujipanga kufuata mzigo unaobebeshwa. Sasa mkono uliofungwa haubebeshwi chochote. Kwa hiyo wakati palipovunjika panaunga, mifupa ya jirani inapoteza madini kwa kukaa bure. Siku plasta inapotolewa una mfupa mmoja uliounga na kifundo kizima kilichodhoofu.

Kuna mfupa mmoja unaovuruga hesabu hizi zote, na mwendesha baiskeli yeyote wa milimani anapaswa kuujua kwa jina: skafoidi. Ni mmoja wa mifupa 8 midogo ya kifundo, uko chini ya dole gumba, una umbo la korosho. Tatizo lake ni damu. Sehemu kubwa ya mishipa inayoulisha huingilia upande wa vidole, kisha damu hurudi nyuma kuelekea kigashani. Ukivunjika katikati, kipande cha nyuma kinaweza kukatiwa damu kabisa. Ndiyo maana skafoidi huchukua wiki 8 hadi 12, na miezi kadhaa zaidi ikiwa ufa uko karibu na kigasha. Na kuna inayokataa kuunga, na kuna vipande vinavyokufa ndani kwa ndani.

Ubaya mwingine ni kwamba picha ya siku ya kwanza huweza isionyeshe kitu. Nyosha mkono wako, inua dole gumba kama unamwonyesha mtu kwamba mambo safi, utaona kishimo kati ya kano mbili kwenye shina la dole. Mtu aliyeanguka akibonyezwa hapo akaruka, daktari makini humfunga kana kwamba amevunjika hata kama picha ni safi, kisha humrudisha kwa eksirei nyingine baada ya siku 10 hadi 14, au humpeleka kwenye kipimo kikubwa zaidi. Huku kwetu mara nyingi mtu huyo huambiwa ameteguka tu, anakandwa maji ya moto na kuchuliwa mafuta kila jioni. Maumivu yanapungua, anarudi kwenye baiskeli, na miaka michache baadaye kifundo kimeanza kuoza kwa baridi yabisi akiwa bado kijana. Kama kuna jambo moja la kulibishania hospitalini, ni hilo la picha ya pili.

Turudi kwenye siku ya kutolewa plasta. Msumeno unapiga kelele za kutisha, lakini kisahani chake hakizunguki, kinatetema tu, kwa hiyo hukata kitu kigumu na kuiacha ngozi inayocheza nacho. Mkono unaotokea ni mwembamba, ngozi inabanduka kama magamba, vinyweleo vimekuwa vingi kuliko upande wa pili. Ajabu huja kwenye daladala, konda anaporudisha chenji. Unataka kugeuza kiganja kitazame juu, kinakataa. Badala yake bega na kiwiko vinazunguka kukisaidia. Rediasi ndiyo inayozunguka mwenzake, ulna, kila unapogeuza kiganja, na kiungo chao cha chini kiko jirani kabisa na palipovunjika. Kano za vidole nazo zimekaa wiki nyingi bila kuteleza vizuri, na mfuko unaokizunguka kifundo umekakamaa.

Katika miendo yote, kukunja kifundo kwa nyuma ndiko kunakoudhi zaidi kwa mwendesha baiskeli. Ndiyo hali ya mkono unapousukuma mwili kuinuka kwenye kiti, ndiyo hali yake unapoegemea usukani ukiteremka. Nguvu ya kushika nayo inaweza kuwa nusu ya ile ya mkono mzima, na huendelea kujijenga hata kwa mwaka.

Ndiyo maana wataalamu wa fiziotherapia husema matibabu ya mkono huanza ukiwa bado umefungwa. Vidole vikunjwe ngumi na kunyooshwa mara nyingi kwa siku, mkono uinuliwe juu ya usawa wa moyo siku za mwanzo, bega na kiwiko visiachwe kulala. Plasta ikitoka, zoezi la kwanza halina gharama: kutanisha viganja kifuani kama anayeomba dua, kisha shusha mikono taratibu bila viganja kuachana. La pili ni nyundo: ishike kwenye mpini, kiwiko kikiwa ubavuni, ilaze kulia, ilaze kushoto. Ukishika karibu na kichwa chake ni nyepesi, ukishuka kwenye mpini inakuwa mzigo. Baadaye, ukiruhusiwa kuweka uzito, kanda unga wa chapati. Hospitali nyingine zina udongo maalumu wa kufinyanga kwa kazi hiyohiyo, lakini sioni unga una kasoro gani.

Maumivu madogo yanayoisha mara baada ya zoezi yanavumilika. Mkono ukiamka umevimba kuliko jana, ulizidisha. Ila mkono unaowaka moto, unaong'aa, unaobadilika rangi na kuuma kupita kiasi, au dole gumba, shahada na cha kati vikifa ganzi, hilo si la kusubiri kliniki ya mwezi ujao.

Sasa baiskeli. Froome, mzaliwa wa Nairobi, alijifunza baiskeli ya milimani kwa David Kinjah, mwendesha baiskeli Mkenya, kule Mai-a-Ihii, Kikuyu. Lakini aliyorudi nayo mwaka 2014 ilikuwa ya lami, na tofauti ni kubwa. Kwenye lami umekaa, tandiko limebeba sehemu kubwa ya uzito, mtikisiko ni mdogo, na unaweza kuhamisha mikono usukani mzima. Kwenye mteremko wa mawe umesimama juu ya pedeli, mikono inameza kila mzizi, na wakati huohuo kidole kimoja lazima kibaki kwenye breki kikibana na kuachia kwa kipimo. Mkono dhaifu unaweza kufanya moja kati ya hizo kazi mbili. Zikija pamoja, ama utaachia breki ama utaukosa usukani.

Kwa hiyo angalia breki yako ya mbele iko upande gani. Baiskeli zinazofuata desturi ya Uingereza huiweka kulia. Mitumba iliyotoka Marekani huja nayo kushoto. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi, maana ukibana, uzito mwingi huhamia mbele. Kama mkono uliovunjika ndio unaoishika, subira yako iwe ndefu zaidi, au fundi akubadilishie pande, ingawa kuizoea breki iliyogeuzwa nako kuna hatari yake.

Mambo mengine ya fundi ni madogo na yanasaidia sana. Mkono wa breki una skrubu ya kuusogeza karibu na usukani. Usogeze mpaka kidole kimoja kiufikie bila kujinyoosha. Uinamishe kiasi kwamba ukisimama kwenye pedeli, vidole, kifundo na kigasha viko kwenye mstari mmoja. Wengi huuacha umelala bapa, na hapo kifundo hukunjika kwa nyuma muda wote. Shokapu ya mbele ilainishwe, upepo wa tairi upunguzwe kidogo, mipira ya kushikia iwe minene.

Miguu haina sababu ya kungoja. Baiskeli ya mazoezi isiyotembea huweza kuruhusiwa mapema, hata kabla plasta haijatoka, mradi usiiegemee kwa mkono mbovu. Kisha lami tambarare, kisha murram. Njia pana za Karura zinafaa kwa hatua hiyo, na barabara ya ndani ya hifadhi ya wanyama ya Hell's Gate pia, ingawa makunyanzi yake ya vumbi hukisumbua kifundo kuliko anavyotarajia mtu anayetazama pundamilia. Wengi huruhusiwa kurudi kwenye njia ngumu kati ya mwezi wa tatu na wa sita, lakini mkono wenyewe ni shahidi bora kuliko kalenda: pushapu za ukutani, kisha za mezani, kisha za sakafuni bila maumivu; kuinua tairi la mbele na kulipokea likitua; kubana breki kwa nguvu huku mtu anakusukuma kwa nyuma. Nguvu ya kushika ikaribie ya mkono wa pili, ukikumbuka kwamba mkono unaoutumia zaidi kwa kawaida huwa na nguvu kidogo kumshinda mwenzake.

Hofu nayo itakuja, na haina ujinga ndani yake. Inachofanya vibaya ni kukaza viwiko, na viwiko vilivyokazwa hupeleka kila pigo moja kwa moja kifundoni. Anzia mteremko unaoujua, mfupi, urudie hadi viwiko vikubali kukunjika vyenyewe.

Limebaki swali la waliowekewa chuma. Sahani na skrubu havifanyi mfupa uunge haraka. Vinavishikilia vipande kwa uthabiti ili uanze kuvikunja vidole na kifundo mapema, hata ndani ya wiki mbili za mwanzo, usikakamae. Muda wa mfupa kuunga ni uleule, na anayejiona kaimarishwa kwa chuma anaweza kukipinda akianguka kabla ya wakati. Kwa kawaida chuma huachwa humo maisha yote kama hakisumbui kano. Kikitolewa, matundu ya skrubu huwa sehemu dhaifu mpaka yazibwe na mfupa mpya, na hilo huchukua wiki nyingi, hata miezi. Kwa hiyo anayepanga kutoa chuma aihesabu hiyo kama likizo nyingine ya milima.