Programu hasidi na mianya inayoiruhusu kuingia

Programu hasidi ni programu yoyote iliyoandikwa ili kumdhuru mwenye kifaa: kumwibia, kumpeleleza au kumharibia kazi. Wengi huziita zote virusi, lakini kirusi ni aina moja tu. Hujibandika kwenye faili na kusubiri mtu aifungue. Mnyoo haumsubiri mtu. Hujinakili wenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao. Trojani hujifanya programu ya maana, mtumiaji akaisakinisha kwa mkono wake.

Eksploiti ni kitu kingine. Ni mbinu ya kutumia kasoro iliyomo ndani ya programu halali ili kupata njia ya kuingilia. Mwizi ni mmoja, dirisha bovu ni jingine, na ukimkamata mwizi bila kutengeneza dirisha, atakuja mwenzake.

Tarehe 12 Mei 2017 dunia iliona viwili hivyo vikishirikiana. WannaCry ulikuwa mnyoo wa kudai fidia: ukiingia, unasimba faili zako zisifunguke, kisha skrini inakutaka ulipe dola 300 kwa Bitcoin. Hakuna aliyehitaji kubofya chochote. Ulipenya kwa eksploiti iitwayo EternalBlue, iliyotumia kasoro katika sehemu ya Windows inayohudumia faili za pamoja mtandaoni. Kwa siku chache kompyuta zaidi ya 200,000 zilikumbwa, na hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa. Kinachouma ni kwamba Microsoft ilikuwa imeziba mwanya huo tangu 14 Machi. Kompyuta nyingi zilikuwa hazijasasishwa tu.

Kuna mianya ambayo hata mtengenezaji haijui bado, ndiyo huitwa ya siku sifuri. Mwaka 2019 programu ya ujasusi Pegasus iliingizwa kwenye simu kwa kupigiwa WhatsApp, hata kama mwenyewe hakupokea. Mianya ya namna hiyo ni ghali, na kwa kawaida hutumiwa dhidi ya watu waliolengwa, kama wanahabari na wanaharakati.

Kwa watu wengi hatari ya karibu zaidi ni trojani wa benki. Huja kama programu ya kusomea hati au kusafisha simu, kisha huomba ruhusa ya ufikivu, ile iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Ukikubali, inaweza kusoma kilicho kwenye skrini na kubonyeza vitufe kwa niaba yako. Ukifungua programu ya benki, inaweka juu yake ukurasa wa bandia unaofanana nayo. Unaandika nywila, nayo inaidaka, pamoja na msimbo unaokuja kwa SMS.

Fungua mipangilio ya simu ya Android, sehemu ya ufikivu, uone ni programu zipi zina ruhusa hiyo. Ukikuta usiyoielewa, iondolee ruhusa kwanza ndipo uifute, maana baadhi hutumia ruhusa hiyohiyo kuzuia zisifutwe.