Mitingi za kuacha pombe: utajuaje ipi itakufaa?

Nimechoka na pombe, nataka kundi la watu wa kunisaidia. Nianzie wapi?

Kama uko Kenya piga 1192, hiyo ni laini ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na haikukati kredo, waambie unakaa wapi na unatafuta nini. Halafu kuna AA wenyewe, yaani Alcoholics Anonymous, walevi wanaosaidiana kuacha pombe, hawa walianzia Marekani mwaka 1935 na siku hizi wako nchi nyingi, Nairobi pia wapo. Mitingi nyingi hufanyika kwenye kumbi za makanisa, kwa hivyo usione msalaba mlangoni ukadhani unaenda kuokolewa, ni ukumbi tu wamepewa. Ratiba hubadilika, so uliza kwanza kabla hujapanda matatu, maana mtu amejikaza wiki nzima, anafika anakuta kufuli, na njia ya kurudi nyumbani inapita kwa baa.

Asubuhi nisipoonja kidogo mikono inatetemeka. Niende tu mitingi hivyo hivyo?

Hapana, wewe anzia hospitali. Nyinyi wa kutoa loki, au kuzimua kama wanavyosema Bongo, mwili umezoea pombe kiasi kwamba ukikata ghafla unaweza kupata kifafa ndani ya siku mbili za kwanza, na kuanzia siku ya pili au ya tatu wengine wanaona vitu ambavyo havipo, jasho linatoka, homa inapanda, hajui yuko wapi, na hiyo inaua. Inatibika lakini, daktari atakupa dawa za kukushusha polepole na vitamini B1. Wale wanaomfungia mtu chumbani wakisema avumilie tu na maombi, jamani, hapo tunacheza na maisha ya mtu. Mitingi inaenda pamoja na matibabu, haiwezi kuchukua nafasi yake.

Sasa kati ya hizo zote nichague ipi?

Wengi wanatafuta iliyo karibu na nyumbani. Mimi huuliza kwanza, wewe hunywa saa ngapi? Kama kiu hukushika saa kumi na moja jioni ukitoka job, mitingi ya saa kumi na moja na nusu hata iwe mbali kidogo itakusaidia kuliko ile ya Jumapili asubuhi iliyo nyuma ya ploti yenu, kwa sababu Jumapili asubuhi hata hungekuwa unakunywa.

Halafu uliza kama ni ya wazi au ya ndani. Ya wazi anaingia yeyote, hata dada yako anaweza kukusindikiza, ya ndani ni ya wenye shida ya pombe peke yao. Ukiogopa kuonwa na watu wa mtaa enda mtaa mwingine, hakuna anayekuuliza kitambulisho. Ziko pia za mtandaoni, ukiwa na bando na iafoni unaingia ukiwa kitandani.

Dada zangu, zipo mitingi za wanawake pekee. Ukikosa, keti karibu na wanawake wenzako na sponsa wako, yaani yule mkongwe wa kukushika mkono, awe mwanamke. Mwanaume akikuomba namba siku ya kwanza eti akusaidie, mkatalie bila kujieleza.

Na usihukumu kwa siku moja. Kila kundi lina watu wake, moja litakuboa, lingine utakuta mtu anasimulia maisha yako utadhani mnaishi nyumba moja, kwa hivyo zunguka kadhaa kwanza.

Nitalazimishwa kuongea? Na ni pesa ngapi?

Mtu anasema "naitwa fulani, mimi ni mlevi", wanamsalimia, anaongea dakika chache na hakuna wa kumkatiza wala kumpa lekcha. Zamu ikifika kwako sema tu leo nasikiliza. Ada hakuna, sharti ni moja tu, uwe unataka kuacha kunywa. Kikapu kitapita, weka ulicho nacho au mpe wa pembeni. Ukiona unadaiwa pesa ya kujiandikisha, hiyo si AA.

Mimi ni Muislamu, si wataniombesha?

Hatua 12 za AA, yaani mwongozo wao wa kuacha pombe, zinamtaja Mungu, ila wanasema "jinsi tulivyomwelewa", so wewe mwelewe kwa dini yako, na sala ikisomwa unaweza kunyamaza. Kama mambo ya Mungu huyataki kabisa, SMART Recovery hawatumii dini, wanafundisha namna ya kushughulika na tamaa na mawazo, na wana mitingi mtandaoni.

Mzee wangu ndiye anakunywa na hataki kusikia habari za kundi.

Basi enda wewe. Al-Anon ni ya familia za walevi, ilianza 1951, na huhitaji ruhusa yake wala yeye kukubali kuacha. Huko utakuta wamama wenzako wanaojua maana ya kusikiliza mlango saa nane usiku, na mtaongea mambo yenu, si yake.