"Mchango wa hiari" shuleni maana yake nini?

Mtoto wa Magomeni au Chikongola, hapa Mtwara, anarudi nyumbani na ujumbe: "Mama, mwalimu kasema tupeleke hela ya uji." Mama anashangaa. Si tuliambiwa elimu bure? Akienda shuleni kuuliza, anajibiwa kuwa huo ni mchango wa hiari. Anaondoka na swali jipya: kama ni hiari, mbona mtoto kaambiwa asije bila hela?

Tuanze na ada, maana ndiyo inayochanganywa na mengine yote. Ada ni malipo ya lazima ili mtoto asome. Kwa sekondari za serikali ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa shule za kutwa na 70,000 kwa bweni. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliiondoa, na kuanzia Januari 2016 mtoto anasoma bila ada toka elimu ya awali hadi kidato cha nne. Kidato cha tano na sita wakaingizwa mwaka 2022.

Sare, madaftari, matibabu, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa havikufutwa. Hivyo ni vya mzazi. Neno "bure" limetuponza sana hapa, kwa sababu limewafanya wazazi wengi waamini kwamba hata uji unaletwa na serikali.

Sasa, uji haupikwi kwa kila mtoto na sufuria yake. Wazazi wanakaa kikao, wanakubaliana kila mmoja atoe nini, kisha vinakusanywa pamoja. Huo ndio mchango. Unapita kwenye kamati ya shule, au bodi kwa sekondari, na unahitaji kibali cha mamlaka zilizo juu ya shule kabla ya kukusanywa. Anayetoa ana haki ya kupewa stakabadhi.

Na hiari? Hiari ni kwamba asiyetoa, mtoto wake haguswi. Hasimamishwi mstarini, jina lake halisomwi mbele ya wenzake, harudishwi nyumbani. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku walimu kuwadai wanafunzi michango kwa sababu hiyohiyo: watoto walikuwa wanarudishwa.

Sisi wa kusini hili tunalijua vizuri kuliko tunavyodhani. Kwenye msiba daftari la rambirambi linapita, majina yanaandikwa, huyu elfu mbili, yule debe la mahindi, mwingine kaja na mikono yake kuchota maji. Asiyekuwa na kitu anakaa mkekani na anakula na wenzake, wala hakuna anayemfukuza. Mchango wa shule ungekuwa hivyo, ugomvi mwingi ungekwisha.

Pagumu ni pale mtoto anapoachwa darasani lakini saa nne, wenzake wakipanga foleni na vikombe, yeye anaambiwa hayumo kwenye orodha. Kwa maandishi mchango unabaki wa hiari. Kwa mtoto mwenye njaa ni lazima. Mimi naona kikao kinachopanga uji kipange hapohapo na fungu la watoto ambao kwao hakuna, kabla sufuria haijatelekwa.

Kikao hichohicho kitazame na misimu. Mkulima wa korosho wa Naliendele ana hela minada ikishalipa, mwishoni mwa mwaka. Mvuvi wa Mikindani, kusi likivuma kuanzia katikati ya mwaka, anaweza kukaa siku kadhaa bila kuingia baharini. Kuwapa hawa wawili kiwango kimoja na tarehe moja ni kumtafutia mmoja wao aibu. Mwingine atoe mahindi au kunde baada ya mavuno. Mama asiye na shamba wala mtumbwi aje kupika siku mbili kwa wiki, na hilo liandikwe kwenye daftari kama mchango kamili, kwa sababu ndivyo lilivyo.

Mtoto wako akirudishwa kwa ajili ya mchango, usimfungie ndani ukisubiri upate hela. Mrudishe shuleni siku hiyohiyo, mkiwa wawili, umwone mwalimu mkuu. Isipotosha, nenda kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, naye ni mzazi kama wewe, kisha kwa afisa elimu kata.