Je, wajua kwa nini gemu ya Bluey haina "umekufa"?

Mpe mtoto wa miaka minne pedi ya gemu, halafu mtazame vidole gumba. Cha kushoto kinasukuma kijiti cha kutembea. Mwambie "Ruka!" na cha kulia kitabonyeza, ila cha kushoto nacho kitasukuma kwa nguvu zaidi, mwili wote utainamia upande anaotaka kwenda, na mhusika wake atatembea hadi ukingoni na kutumbukia. Mtoto hajazembea. Mkono mmoja haujajua bado kutulia wakati mwenzake anafanya kazi.

Katika gemu nyingi, kutumbukia huko ndiko kufa. Katika Bluey: The Videogame, gemu iliyotokana na katuni ya watoto ya Australia na kutoka Novemba 17, 2023, hakuna maisha ya kuhesabu, yaani nafasi za kujaribu tena, wala maandishi ya kutangaza kwamba umekwisha. Ukianguka, mnaendelea. Wako wazazi wanaouliza kama huko si kumdekeza mtoto. Jibu lake linaanzia mbali kidogo.

Maisha matatu tuliyoyazoea yalitoka kwenye mashine za sarafu. Space Invaders ya Japani, mwaka 1978, ilimpa mchezaji mizinga mitatu, mmoja ukiharibiwa anachukua mwingine. Pac-Man ya mwaka 1980 nayo kwa kawaida ilimpa maisha matatu. Mashine zile zilikuwa biashara. Mchezaji mmoja akikaa saa nzima kwa sarafu moja, mwenye mashine amekula hasara, kwa hiyo lazima kiwepo kitu cha kumwondoa ili sarafu nyingine iingie. Kitu hicho kilikuwa kifo. Gemu zilipohamia sebuleni sarafu zilibaki nje, lakini kifo kiliingia ndani na kukaa kama mwenyeji. Hata gemu za katuni zilikipokea: DuckTales ya Capcom, iliyotoka mwaka 1989 kutokana na katuni za Disney, ilikuwa na mioyo na maisha ya kuhesabu. Ilikuwa gemu nzuri mno, mhusika wake mkuu, bata mzee, akirukaruka juu ya fimbo yake. Lakini ilikuwa ya mtoto mkubwa mwenye vidole vyepesi.

Gemu ya Bluey inakusudia kitu kingine. Wanacheza hadi watu wanne kwa pamoja, kwenye skrini moja: Bluey, mdogo wake Bingo, baba yao Bandit na mama yao Chilli. Sasa fikiria kaka wa miaka kumi na mdogo wake wa minne wako upande mmoja. Kama kila kosa la mdogo linawarudisha wote mwanzo, kabla dakika kumi hazijaisha kaka atampokonya pedi, na mdogo atalia. Kampuni ya gemu ya Nintendo ililikabili tatizo hili mwaka 2009 katika New Super Mario Bros. Wii: aliyekufa anarudi akielea ndani ya kiputo mpaka mwenzake akipasue. Ni ufumbuzi mzuri, ingawa pale maisha bado yanahesabiwa. Artax Games ya Hispania, waliotengeneza gemu ya Bluey, waliiondoa hesabu yenyewe.

Nadhani wasingeweza kufanya vinginevyo bila kuiharibu katuni. Bluey, iliyobuniwa na Joe Brumm na kutengenezwa na Ludo Studio huko Brisbane, Australia, ilianza kurushwa Oktoba 2018. Kila kipindi ni kama dakika saba, na mara nyingi kinahusu mchezo ambao watoto na wazazi wao wameubuni wenyewe nyumbani. Bandit hawezi "kufa" ndani ya hadithi hiyo. Anaweza kuchoka, akaganda katikati ya sebule kwa sababu binti zake wamepiga marimba ya ajabu, na bado mchezo ukaendelea.

Uamuzi huu una gharama zake. Hadithi ya gemu ina sehemu nne tu na inamalizika upesi. Mtoto wa miaka tisa anayetaka kushindana ataiacha siku hiyohiyo. Wa miaka minne atairudia nyumba ileile ya Bluey kila siku, afungue milango ileile, na kwake nyumba hiyo ni pana.

Cha kutazama hasa ni mchezo wa Keepy Uppy, uliochukuliwa kutoka kipindi cha tatu cha katuni. Sheria ni moja: puto lisiguse sakafu. Hapo kushindwa kupo, tena mbele ya macho ya wote. Ila puto ni la wote, na anayelikosa hapotei kwenye skrini. Yumo chumbani mlemle, kwa hiyo wote wanne wanalikimbilia, wanagongana, wanapiga kelele. Likigusa chini, kinachofuata ni mtoto kusema: "Tena!"