Mnyauko wa bakteria: maswali ninayoulizwa mmea ukiwa tayari umekwisha

Haya ni maswali ya watu wanaoniletea nyanya, viazi mviringo, bilinganya na pilipili zilizonyauka. Wengi wao wameshakaa wiki nzima wakisubiri.

Mmea una kinga kama mtu?

Kinga unayo, ila hufanya kazi kwa namna nyingine. Mmea hauna damu, wala chembechembe nyeupe za kuzunguka kumtafuta adui. Kila seli hai hujitetea pale pale ilipo.

Bakteria huingiaje?

Kuvu wengi hutoboa ngozi ya jani. Bakteria hawana uwezo huo. Hupita palipo wazi: stomata, yaani vile vitundu vya jani vya kupitishia hewa, na vidonda. Vidonda vingi ninavyoviona ni vya kusababishwa na mkulima mwenyewe: mizizi iliyokatwa kwa jembe wakati wa palizi, na vikonyo vilivyopogolewa kwa kisu kilichotoka kwenye mmea mgonjwa.

Wakishafika, mmea hufanya nini?

Mengi, na kwa haraka. Juu ya seli kuna vipokezi vinavyotambua protini ya mkia ambao bakteria huogelea nao. Kipande chake chenye asidi amino 22 tu, yaani vijenzi 22 vya protini, kinatosha kuiamsha kinga. Ndani ya dakika chache seli humwaga kemikali kali za oksijeni na kuanza kunenepesha kuta zake. Stomata nazo hufungwa.

Bakteria hawakubali kirahisi. Pseudomonas syringae, kwa mfano, hutengeneza sumu iitwayo koronatini, inayozifungua tena stomata zilizofungwa. Wengine wengi wana kimrija cha kuchomea seli na kuingiza protini za kuizima kinga. Hapo ndipo mbegu sugu huonyesha thamani yake. Mmea wenye jeni inayofaa hutambua hata protini hizo, na seli iliyovamiwa hujiua pamoja na majirani wachache ili mvamizi abaki amezungukwa na seli zilizokufa. Kisha asidi ya salisiliki, kemikali ya mmea ya kuamsha kinga, huongezeka, na majani ambayo hayajaguswa hupata tahadhari na kukaa tayari kwa siku kadhaa au zaidi. Kinga hii nimeieleza kwa urefu makusudi, kwa sababu ndiyo inayowadanganya watu kwamba mmea wowote ukiachwa utajiponya.

Basi mbona nyanya yangu imenyauka?

Kwa sababu Ralstonia solanacearum, bakteria wa mnyauko, hutoka mizizini akaingia kwenye zailemu, mirija ya kupandisha maji. Mirija hiyo imeundwa na seli zilizokwisha kufa, na seli iliyokufa haiwezi kumtambua adui wala kujiua ili imzuie. Humo bakteria huzaana na kutoa utelezi unaoziba njia ya maji. Mmea nao hujaribu kuiziba mirija kwa vivimbe kutoka seli za pembeni. Ukiwahi, humzuia. Ukichelewa, huwa umejinyima maji wenyewe.

Ulinyauka mchana, jioni ukasimama. Si umepona?

Haujapona. Jioni jua limepungua, majani yanapoteza maji kidogo, na mirija michache iliyobaki wazi inatosha. Kesho saa sita utalala tena, keshokutwa hautainuka, na majani yatakuwa bado ya kijani. Hiyo jioni moja ya matumaini ndiyo inayopoteza mashamba.

Nimwagilie zaidi kwanza, nione?

Hapana. Maji yanayotiririka kutoka kwenye shina hilo yanabeba bakteria hadi kwenye mizizi ya jirani. Usisubiri.

Nipulizie dawa ya ukungu?

Hapana. Huu si ukungu. Dawa zenye kopa, yaani madini ya shaba, hupunguza bakteria walio juu ya majani, lakini haziwafikii walio ndani ya shina. Hakuna dawa ya kuuponya mmea ulionyauka hivi. Siku unayotafuta dawa ni siku nyingine ya kuambukiza mstari mzima.

Nitajuaje kwamba ni bakteria, si ukame?

Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kama sentimita 5. Kitundike kwenye glasi ya maji safi, ncha moja ikigusa maji, na usiitikise. Ni bakteria ikiwa baada ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe, kama maziwa, zikishuka taratibu kutoka kwenye ncha hiyo. Kipimo hiki unakifanya nyumbani, leo hii.

Nikiziona nyuzi hizo?

Ng'oa leo. Si baada ya kuvuna matunda mawili yaliyobaki. Ng'oa na mizizi na udongo ulioishika, tia kwenye mfuko, usiuburute shambani. Usiutupe kwenye mboji wala mferejini. Uchome ukikauka, au uufukie mbali na shamba. Kisu na jembe vioshe tope kwanza, kisha uvitie kwenye maji ya klorini, maana klorini juu ya tope haifanyi kazi ipasavyo. Na tafadhali, viazi vya shamba hilo usivifanye mbegu hata vikionekana vizima. Hivyo vizima ndivyo vinavyosafirisha ugonjwa.

Naweza kupanda nyanya nyingine kwenye shimo lile lile?

Hapana, wala bilinganya, pilipili, viazi mviringo au tumbaku. Bakteria huyu anaweza kukaa udongoni kwa miaka. Panda mahindi au nafaka nyingine kwa misimu kadhaa, na ng'oa mnavu unaojiotea, kwa kuwa nao humhifadhi bakteria huyo. Ukirudi kwenye nyanya, tafuta aina sugu au miche iliyobandikwa juu ya shina sugu, na wakati wa palizi jembe lisikaribie mizizi.